Mtoto wa Askari Hakula Kiapo

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti, dunia huadhimisha Wiki ya Unyonyeshaji. Wizara za afya hutoa takwimu, wauguzi huhojiwa, na mabango hutundikwa kliniki kuwakumbusha wazazi kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya huku akipewa vyakula vingine hadi atimize miaka miwili au zaidi. Katika siku hizo tunasikia habari za mwalimu, karani wa benki, mama lishe na mfanyakazi wa kiwandani. Ni nadra kusikia habari za mama aliyevaa kombati, anayesimama gwarideni alfajiri na kushika lindo usiku ilhali nyumbani ameacha mtoto wa miezi mitatu. Leo tumzungumzie huyo. Hoja yangu ni moja: askari anayenyonyesha anastahili kupewa muda, faragha na mahali pa kukamulia na kuhifadhia maziwa, na haya yote yaandikwe kuwa amri ya jeshi, yasiachwe yategemee huruma ya mkubwa wake wa kazi. Nitaeleza kwa nini, kisha nitajibu pingamizi ambazo msikilizaji anayeyajua maisha ya kambini ameshaanza kuzipanga kichwani.

Tuanze na sheria, maana pengo linaanzia hapo. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Akirudi kazini, mwajiri anapaswa kumruhusu anyonyeshe ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ni kifungu kizuri. Lakini mwanzoni kabisa, katika kifungu cha 2, sheria hiyohiyo imeshasema kwamba haiwahusu walio katika utumishi wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi mitatu, lakini nayo inayaweka kando majeshi, polisi na magereza. Uganda, sheria ya ajira ya mwaka 2006 haiwahusu askari wa jeshi la nchi hiyo, UPDF. Inawahusu raia walioajiriwa na jeshi hilo tu. Sababu ya kuwatenga wanajeshi inaeleweka. Jeshi haligomi, halina chama cha wafanyakazi, wala askari hawezi kumshitaki kamanda wake kwa msuluhishi wa migogoro ya kazi kwa sababu hakupendezwa na amri. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka jeshi la namna hiyo. Kasoro ni kwamba mgomo na chama vilipotupwa nje, saa mbili za mtoto zilitupwa navyo. Kwa hiyo kinga ya mama huyu haiwezi kutoka kwenye sheria ya kazi. Lazima itoke ndani ya jeshi lenyewe, katika kanuni na amri zake. Kutengwa huko hakulipunguzii jeshi mzigo. Kunauongeza, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuubeba.

Hapa pana jambo la msingi ambalo halipewi uzito wake. Anayejiunga na jeshi hula kiapo, na kwa kiapo hicho hukubali kupunguziwa baadhi ya haki ambazo raia wengine wanazo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelisema hili waziwazi. Ibara ya 24 inaruhusu sheria iwawekee askari mipaka katika haki kama faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, uhusiano wa kazi, na hata haki za kiuchumi na kijamii. Lakini isome orodha hiyo mara mbili, hutaikuta Ibara ya 53, inayozungumzia haki za mtoto. Ibara hiyo inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi na huduma za afya, na inasema kwamba katika kila jambo linalomhusu, maslahi yake ndiyo yapewe uzito wa kwanza. Tanzania nayo inayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na nchi zote hizi zimeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao unataja kunyonyesha kwa jina. Mama alikula kiapo, akakubali kulala kwenye hema, kunyeshewa mvua na kutumwa mbali. Mtoto wake hakula kiapo chochote. Tunapojadili chumba cha kukamulia maziwa kikosini, tunajadili chakula cha raia mdogo ambaye hayumo katika jeshi lolote.

Sasa tuutazame mwili wenyewe, maana wengi wanaolipinga jambo hili hudhani ni suala la mapenzi ya mama tu. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Yakitoka, mwili hutengeneza mengine. Yakibaki, mwili hupunguza, na siku zikipita hukauka. Mtoto wa miezi mitatu hunyonya takriban kila baada ya saa mbili au tatu. Mweke mama yake kwenye lindo refu lisilo na pumziko. Saa ya tatu matiti yamejaa, saa ya tano yamekuwa magumu na yanauma akiinua mkono kurekebisha mkanda wa bunduki, na maziwa yameanza kuchuruzika ndani ya kombati. Akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi, vile vibao vigumu vinayakandamiza kifuani. Mirija huziba, titi huvimba na kuwa jekundu, linapata uambukizo, homa inapanda, na tiba ikicheleweshwa hutokea jipu la kupasuliwa. Ndipo daktari wa kikosi anapoandika ED, yaani ruhusa ya kutofanya kazi, na askari aliyenyimwa nusu saa ya kukamua anakosekana kazini kwa siku kadhaa. Hata kwa hesabu kavu ya kijeshi, isiyojali mtoto wala mama, hiyo ni hasara.

Suala la fulana limewahi kufika mahakamani. Katika mji wa Tuscaloosa, jimbo la Alabama nchini Marekani, polisi mmoja wa kike alirudi kutoka likizo ya uzazi akahamishiwa doria, kazi inayohitaji kuvaa fulana ya kuzuia risasi kutwa nzima. Daktari wake aliandika barua kueleza kwamba fulana hiyo ingembana na kumweka katika hatari ya kupata uambukizo. Alichoambiwa na wakuu wake ni kwamba anaweza kutoivaa, au avae kubwa zaidi, ambayo ingeacha sehemu za mwili wazi. Kwa maneno mengine, achague kati ya titi lake na risasi. Aliacha kazi, akashitaki, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilithibitisha ushindi wake. Mahakama haikudai polisi waache kuvaa fulana. Ilichokikataa ni kumnyima mama anayenyonyesha marekebisho ya kazi ambayo mwenzake mwenye tatizo jingine la kiafya angepewa bila mjadala.

Majeshi makubwa ya dunia yamepita njia hii, tena kwa kuchelewa. Marekani, kwa amri ya rais ya mwaka 1951, mwanajeshi wa kike aliyepata mimba au kuwa na mtoto mdogo aliweza kuondolewa jeshini, na hali ikaendelea hivyo hadi katikati ya miaka ya 1970. Uingereza iliwafukuza wanajeshi waja wazito mpaka mwaka 1990. Ilipobanwa na sheria ya Ulaya ikakiri kosa na kuwalipa fidia maelfu ya wanawake. Hoja wakati ule ilikuwa hiihii tunayoisikia leo, kwamba mama na mwanajeshi hawawezi kukaa katika mwili mmoja. Majeshi hayo hayakusambaratika yalipoiacha. Mwaka 2015 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, likiwa nyuma ya wenzake wa majini na wa anga, lilitoa agizo kwamba kila kamanda atenge mahali pa faragha ambapo si choo, penye mlango wa kufungwa, kiti, meza ya kuwekea pampu, umeme, na maji safi karibu. Agizo hilo halikuishia ofisini. Lilisema askari anayenyonyesha anaweza kwenda kwenye mazoezi ya medani, na huko nako kamanda ampe faragha ya kukamua. Ikiwa haiwezekani kuyahifadhi wala kuyasafirisha maziwa, basi akamue na kuyamwaga, ili afya yake isiharibike na maziwa yasikauke. Mwaka 2022 likaongeza kwamba mama asipelekwe vitani wala kwenye mazoezi marefu hadi mtoto atimize mwaka. Uone hapo, msikilizaji, jinsi jeshi linalopigana vita kila kizazi lilivyoshuka hadi kwenye kiti na soketi ya umeme. Halikufanya hivyo kwa kulainika. Lilikuwa limechoka kuwapoteza askari liliowafundisha kwa gharama kubwa.

Pingamizi la kwanza utakalolisikia ni kwamba vita haisubiri mtu anyonyeshe. Ni kweli, haisubiri. Lakini siku nyingi za askari si za vita. Ni siku za ghalani, karakana, hospitali ya jeshi, mitambo ya mawasiliano, ofisi ya malipo, chuo cha mafunzo na lango kuu. Siku hizo ndizo tunazozizungumzia, na ndizo nyingi katika miezi ile ya mwanzo ya mtoto. Kuhusu uwanja wa vita wenyewe, jeshi limekuwa likiamua tangu zamani nani yuko fiti na nani hayuko. Aliyevunjika mguu hapelekwi mstari wa mbele, na hakuna anayesema mguu wake umeudhoofisha ulinzi wa taifa. Kuahirisha kumtuma mama kwa mwaka mmoja ni uamuzi wa aina hiyo, na una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, jambo ambalo mguu uliovunjika hauna.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sitaki kulipita juujuu. Linasema: mama akitoka kwenda kukamua, mwenzake ndiye anayebeba kazi yake, na manung'uniko huua umoja wa kikosi. Mzigo huo upo kweli, na anayeukana hajui zamu za lindo zinavyopangwa. Lakini tuupime. Nusu saa mara tatu katika siku ya kazi ni saa moja na nusu, tena kwa miezi kadhaa tu katika utumishi wa miaka mingi. Majeshi yetu yana uzoefu mkubwa wa kumwondoa askari kwenye zamu kwa sababu inayokubalika. Wako walioko masomoni, wako wagonjwa, wako wanamichezo. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alikuwa mwanajeshi, na Watanzania hawakuuliza ni nani alishika lindo lake alipokuwa akifanya mazoezi. Tulielewa kwamba taifa linafaidika. Kinachozaa manung'uniko ni ruhusa ya chini kwa chini, anayopewa mmoja na kunyimwa mwingine, isiyoonekana kwenye orodha ya zamu. Ikiwa amri imeandikwa, mpangaji wa zamu anajua mapema kwamba mtu fulani hatashika lindo la saa kumi na mbili mfululizo mpaka mwezi fulani, na anapanga kwa haki. Kwa hiyo pingamizi hili, ukilifuata hadi mwisho wake, linaitetea amri.

Mpinzani wa tatu atasema: kuna maziwa ya kopo, na kuna bibi nyumbani. Bibi tunamheshimu, na bila yeye askari wengi wasingeweza kurudi kazini. Lakini bibi hana maziwa; anahitaji kuachiwa kitu kwenye friji. Na maziwa ya kopo yana gharama yake. Utafiti uliochapishwa katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2016 ulikadiria kwamba kama unyonyeshaji ungefikia karibu watoto wote, vifo vya watoto wapatao 823,000 vingezuilika duniani kila mwaka. Katika nchi ambako maji ya kuchanganyia hayaaminiki kila mahali, kopo ni mlango wa kuhara. Mtoto akilazwa, mama anaomba ruhusa, na mara nyingi baba naye ni askari wa kambi hiyohiyo. Wengine watapendekeza likizo irefushwe badala ya kujenga vyumba. Likizo ndefu ni jambo jema, lakini tazama hesabu, hata kwa kipimo cha likizo ya raia Tanzania Bara: siku 84 ni wiki 12, na miezi sita ni wiki 26. Zaidi ya nusu ya muda ambao mtoto hapaswi kupewa hata maji unaanguka baada ya likizo kwisha. Na tukitegemea likizo peke yake, tunamweka mama kwenye mizani ambayo upande mmoja una mtoto, na mwingine una kozi ya kupandishwa cheo itakayofanyika akiwa hayupo.

Lipo pingamizi la heshima ya magwanda. Nalo si la kwetu tu. Mwaka 2012 nchini Marekani picha ya wanajeshi wawili wakinyonyesha wakiwa wamevaa sare ilizua mabishano makali. Kwa anayeona haya, jibu ni rahisi: mpe mama chumba chenye mlango. Kinachomlazimisha askari kujificha nyuma ya ghala, au kukamulia chooni chakula ambacho mtoto atapewa jioni, ni kukosekana kwa chumba hicho. Hakuna mpishi wa mesi anayeruhusiwa kuandaa chakula cha maafisa chooni.

Na gharama? Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke kituo cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa mikono, friji au kifaa kingine cha kupoozea, soketi za umeme, meza ndogo na kiti cha starehe. Hesabu vitu hivyo, kisha hesabu bei ya matairi ya gari moja la deraya. Kikosi kisicho na friji ya ziada kinaweza kutumia kisanduku cha barafu kilekile kinachobebea chanjo zahanati. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama saa nne hivi katika chumba cha nyuzi 25, na takriban siku nne kwenye friji. Kwa joto la kambi za pwani, ubaridi ni wa lazima. Kwenye medani inatosha hema dogo, kiti, maji ya kunawa na mlinzi mmoja wa kike mlangoni. Pamoja na hayo, mama apangiwe kazi mbali na kiwanja cha shabaha, kwa kuwa vumbi la madini ya risasi huingia mwilini na kupita hadi kwenye maziwa. Na mbali na mafuta ya ndege na kemikali za karakana. Haya ni mambo ya kalamu na mpango wa kazi.

Utaniuliza kwa nini nang'ang'ania amri, wakati wako makamanda wema ambao tayari wanawaruhusu askari wao. Wapo, na wanastahili pongezi. Lakini kamanda huhamishwa. Leo yuko aliyelea wanne na mkewe na anaelewa; kesho anakuja asiyetaka kusikia. Zaidi ya hapo, fikiria cheo. Askari mwenye mwaka wa pili jeshini, mbele ya sajenti meja, hawezi kufungua mdomo aeleze habari za matiti yake. Atanyamaza, atavumilia, maziwa yatakauka, na takwimu zitaandika kwamba aliacha kunyonyesha kwa hiari. Amri iliyoandikwa inamwondolea aibu ya kuomba. Jeshi haliachii buti, chakula wala risasi vitegemee wema wa mtu. Huviwekea kiwango, mkaguzi na adhabu. Lishe ya mtoto wa askari ikiwekwa kwenye orodha hiyo ya ukaguzi, itatekelezwa, kwa sababu jeshi likiamua kutekeleza jambo hutekeleza kuliko taasisi yoyote nchini.

Wakati nao unatubana. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2028 wanawake wawe asilimia 15 ya vikosi vya kulinda amani, na nchi zetu ni miongoni mwa zinazochangia askari. Wanawake wanaotakiwa ni wenye ujuzi, na ujuzi huja miaka ileile ya uzazi. Kenya ilimpata mkuu wa kwanza wa kike wa Jeshi la Anga, Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed, mwaka 2024, naye alijiunga na jeshi mwaka 1983. Miaka zaidi ya arobaini ilihitajika kumfikisha hapo. Kila luteni anayeacha kazi kwa kuwa hakuweza kumlea mtoto na kushika zamu kwa pamoja, ni safari kama hiyo iliyokatwa mwanzoni, na hakuna soko la kununua afisa wa aina hiyo.

Basi nawaomba wakuu wa majeshi yetu waitoe amri hiyo kabla ya Agosti ijayo: muda wa kukamua ndani ya saa za kazi, chumba katika kila kikosi, mpango wa medani, kuahirishwa kwa safari za vitani kwa mwaka mmoja, na jina la afisa atakayewajibika mambo hayo yakikosekana. Wabunge walio katika kamati za ulinzi waiulizie wanapokagua bajeti, kama wanavyoulizia nyumba na posho. Nawe msikilizaji, ikiwa una dada, mke au binti aliye jeshini, mwambie kwamba anachokidai ni halali. Askari aliyeapa kutulinda sote asilazimike kuchagua kati ya zamu yake na chakula cha mwanawe.